Mwaka 2020 haukupotea

Tarehe 7 Julai 2020, Waziri wa Elimu wa Kenya wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 utahesabiwa kuwa umepotea. Alisema mitihani ya kitaifa, KCPE ya darasa la nane na KCSE ya kidato cha nne, haitafanywa mwaka huo, na wanafunzi watarudi shuleni Januari 2021. Siku hiyohiyo barabara za kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa zilifunguliwa, baada ya kufungwa tangu Aprili. Waziri alikuwa akizungumzia kalenda ya shule, lakini tamko lake lilivuka lango la shule likaingia katika mazungumzo ya watu wazima, na mpaka leo halijatoka. Muulize mtu umri wake, atakwambia mwaka wa korona hauhesabiki. Muulize alifanya nini mwaka ule, atapunga mkono: "Ah, ule tuliupoteza bure." Yanasemwa kwenye matatu, yanasemwa barazani watu wakinywa kahawa, na kila anayeyasikia huitikia.

Mimi siitikii. Mwaka 2020 haukupotea. Na kila tunapokariri kwamba ulipotea, tunawadhulumu watu waliofanya kazi, tunawaachilia watu waliokosa, na tunawafundisha watoto wetu hesabu mbovu ya maisha.

Tuwatazame kwanza wanaosema hivyo. Aliyezika mzazi mwaka ule, kaburini wakasimama watu kumi na tano tu kwa amri ya Serikali, hasemi kwamba mwaka ulipotea. Anaukumbuka mpaka saa. Kenya ilifunga mwaka ikiwa na vifo zaidi ya 1,600 vilivyotangazwa, na kila kimoja kina nyumba yake. Mfanyakazi wa hoteli ya Diani aliyerudisha sare yake baada ya safari za ndege za kimataifa kusimamishwa tarehe 25 Machi, yeye pia hasemi hivyo. Wakazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa, na wenzao wa Eastleigh kule Nairobi, waliofungiwa mitaa yao tarehe 6 Mei katikati ya Ramadhani, wanaweza kukusimulia mwaka ule wiki kwa wiki. Kwao mwaka una tarehe, una majina na una madeni.

Wanaosema mwaka ulipotea ni sisi ambao hatukupatwa na kitu. Nasema sisi kwa sababu mimi ni mmoja wao. Nyumbani kwetu hakuna aliyelazwa. Mshahara ulikatwa, lakini ulikuja. Tangu tarehe 8 Aprili watu wa Mombasa, Kwale na Kilifi hatukuruhusiwa kutoka katika kaunti zetu, na mimi sikutoka. Kafyu ilianza saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, na saa moja ilinikuta ndani. Nikitakiwa kuyaandika matukio yangu ya mwaka ule, ukurasa mmoja utabaki na nafasi. Ndiyo maana jambo hili linanihusu. Swali langu ni hili: mwaka ambao hukupatwa na kitu, kwa nini uuite mwaka wa bure?

Sababu ya kwanza ni kwamba tumezoea kuupima mwaka kwa yanayoonekana na watu. Mwaka mzuri ni ule uliojenga, ulioposa, uliosafiri, uliopandishwa cheo, au mtoto wako alipata alama za juu. Huku kwetu pwani harusi ndiyo kipimo kikubwa. Kwa miezi kadhaa mwaka 2020 harusi ziliamriwa watu wachache. Hakukuwa na masufuria ya kukodi, hakukuwa na kesha wala kupamba, na pilau ilipikwa jikoni kwa bi harusi, sufuria moja, wakala mashahidi na wazazi. Nilisikia kina mama wakisema msichana wa watu ameozwa kama aliyetoroka. Leo wale walioozwa hivyo wana watoto wanaokwenda shule. Ndoa zao hazikupungukiwa na kitu kwa kukosa shamrashamra, na baadhi yao waliingia nyumbani bila deni la mtu yeyote. Kilichokosekana ni hadhara. Ikiwa kukosa hadhara ndiko kupotea kwa mwaka, basi miaka mingi ya watu wengi duniani imepotea, kwa sababu watu wengi huishi bila kutazamwa na yeyote.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Tunadhani kwamba kutopatwa na kitu ni hali inayojileta yenyewe. Tunadhani tulikaa salama kwa kuwa tulikaa tu. Si kweli. Utulivu wa nyumba yangu ulikuwa kazi ya watu, na kazi hiyo ninaweza kuionyesha.

Mlangoni petu, kama milango mingi ya mtaa, palikuwa na mtungi wa lita 20 uliotiwa koki, umewekwa juu ya kibao, na kipande cha sabuni kimening'inizwa ndani ya soksi. Kila anayeingia ananawa. Lakini kisiwa cha Mombasa hakijitoshelezi kwa maji. Maji yetu yanatoka Mzima huko Taita-Taveta, yanatoka Baricho huko Kilifi, yanatoka Marere na Tiwi huko Kwale, na mifereji ya mitaa mingi hukauka kwa siku kadhaa mfululizo. Wizara ya Afya ilituambia tunawe kwa maji yanayotiririka. Aliyeyaleta maji hayo ni kijana wa mkokoteni. Aliipanga mitungi safu mbili, akaukokota mkokoteni juani mpaka mlangoni, barakoa ameishusha kidevuni kwa sababu hakuna anayeweza kupanda kilima na mzigo ule huku pua imezibwa. Na kwa kuishusha alikuwa akihatarisha kukamatwa: kanuni zilizotolewa Aprili ziliweka faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi sita kwa asiyevaa barakoa hadharani. Mimi nilinawa. Yeye alichota, alikokota, alishusha, na alirudi kesho yake. Mwaka wake ulipotea vipi?

Ukitoka mtaani ukaenda bandarini, hadithi ni hiyohiyo kwa ukubwa mwingine. Bandari ya Mombasa haikufungwa. Shehena za Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo ziliendelea kupakuliwa na kupakiwa. Mwezi Mei malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita kufika mpaka wa Malaba, madereva wakisubiri kupimwa na kupewa majibu. Walilala ndani ya malori na chini ya malori, wakapika kando ya barabara, na katika miji waliyopita wakakimbiwa kana kwamba wao ndio ugonjwa wenyewe. Mafuta yalifika. Ngano ilifika. Dawa zilifika. Watu wa Kampala na Kigali waliokaa ndani wakasema hakuna kilichotokea mwaka ule, walikaa kwa sababu dereva fulani kutoka Changamwe alikuwa njiani.

Kule Kitui, kiwanda cha nguo cha serikali ya kaunti kiligeuza mashine zake na mafundi wake, wengi wao wanawake, wakawa wanashona barakoa. Bungoma, mtoto wa miaka 9 aliunganisha mbao na misumari akatengeneza kifaa cha kunawia mikono kinachotumia kanyagio la mguu, ili mtu asishike mtungi, na Juni 2020 akapewa tuzo ya Rais. Hapa Mombasa, msongamano wa kivuko cha Likoni uliifanya Serikali ijenge daraja la kuelea la Liwatoni, na mwanzoni mwa 2021 waendao kwa miguu walikuwa wakivukia hapo. Nayataja haya kwa sababu watu wanaosema mwaka ule haukuwa na kitu wamevaa barakoa za mafundi hao na wamevuka kwa daraja hilo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tunaitumia kumkaripia mzembe. Ningependa tuitumie pia kumheshimu aliyeziba, kwa sababu yeye ndiye asiyeonekana. Anayejenga ukuta hutajwa, hupigwa picha, hukata utepe. Aliyeziba ufa mapema hana cha kuonyesha isipokuwa ukuta ambao haukuanguka. Mwaka 2020, kwa wengi wetu, ulikuwa mwaka wa ukuta ambao haukuanguka, na nyuma yake kuna mikono iliyokuwa ikiziba usiku na mchana.

Na hapo ndipo dhuluma ya usemi huu inapoonekana wazi. Ukishasema mwaka ulipotea, hudaiwi na mtu. Wauguzi na maafisa wa kliniki wa Kenya walianza mgomo tarehe 7 Disemba 2020, na tarehe 21 madaktari wakawafuata. Hawakuwa wakidai anasa. Walidai vifaa vya kujikinga, bima ya afya na fidia kwa wenzao walioambukizwa kazini. Mwezi huohuo alifariki daktari kijana aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa korona Machakos; alikufa akiwa hajalipwa mshahara wa miezi kadhaa. Watu hawa ndio waliotupa ule mwaka tunaouita mtupu. Mwezi Machi na Aprili tuliwaita mashujaa. Walipofika Disemba na hesabu mkononi, wengi wetu tulikuwa tumeshaamua kwamba mwaka ule tuusahau tu, tufungue mwingine. Ni rahisi kumsahau anayekudai kwa kusema kwamba mwaka wa deni haukuwepo.

Usemi huu pia unawapa nafasi waliofanya uovu. Tarehe 27 Machi, saa chache kabla ya kafyu ya kwanza kuanza, askari waliwapiga virungu na kuwarushia mabomu ya machozi watu waliokuwa wakingoja feri Likoni. Walikuwa wafanyakazi wanaokimbilia nyumbani ili watii amri ileile ambayo askari walikuwa wakiisimamia. Siku tatu baadaye, Kiamaiko jijini Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Askari mmoja alifunguliwa mashtaka ya mauaji. Kesi kama hiyo inahitaji taifa linalokumbuka. Taifa linalosema mwaka ule uliondoka na yaliyomo yake linawasaidia wanaotaka yaliyomo yaondoke.

Najua hoja atakayonijibu nayo mpinzani wangu, na ni hoja nzito: watoto. Atasema: je, watoto waliokaa nyumbani tangu katikati ya Machi hadi Januari hawakupoteza mwaka? Wasichana walioshika mimba, wavulana walioingia kwenye kazi za mchanga na machimbo wasirudi tena darasani, hao unawaambia nini?

Nawaambia kwamba walinyimwa masomo. Hilo ni tofauti na kupoteza mwaka, na tofauti yake ni kubwa. Kilichopotea hakina wa kuulizwa. Kilichonyimwa kina mwenyewe. Msichana aliyeacha shule mwaka ule hakuangukiwa na kalenda. Aliachwa bila ulinzi, bila mwalimu wa kumfuatilia, bila mtu wa kumrudisha. Masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni, na nyumba isiyo na redio wala umeme ikaachwa ijitegemee. Walimu wa shule za binafsi walikaa miezi bila mshahara. Huko Mwea shule moja iligeuza madarasa yake kuwa mabanda ya kuku. Haya ni mambo ya kuhojiwa kwa majina na kwa bajeti. Ukiyafunika yote kwa kusema mwaka ulipotea, umemfutia kila mtu wajibu wake.

Kisha tazama tulichowafanyia watoto kwa sababu ya imani hii. Tuliposhika kwamba mwaka umepotea, tukaanza kuufukuzia tuurudishe. Madarasa ya mwanzo yaliyorudi Oktoba 2020 ni Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne, wengine wakarudi Januari. KCPE ya 2020 ikafanywa Machi 2021, iliyofuata ikafanywa Machi 2022, na nyingine mwishoni mwa 2022. Mwaka mzima wa masomo ulibanwa kati ya Julai 2021 na Machi 2022, mihula mifupi na likizo ya wiki moja hivi katikati. Mwishoni mwa 2021 mabweni yakawa yanachomwa katika shule nyingi za sekondari, mpaka Wizara ikawapa wanafunzi mapumziko ya katikati ya muhula. Sisemi uharaka ule peke yake ndio uliowasha moto. Nasema kwamba hatukuona mtu akikaa na watoto awaulize: ule muda mlipokuwa nyumbani mlijifunza nini, mliona nini, mliogopa nini? Tulikwisha kuamua kwamba jibu ni sifuri, kwa hiyo hatukuuliza.

Jibu halikuwa sifuri. Mpwa wangu alikuwa kidato cha pili. Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwishoni mwa Aprili, misikiti imefungwa, na baba yake amekwama Nairobi. Tarawehe tuliisali sebuleni, na kwa kuwa yeye ndiye aliyehifadhi zaidi nyumbani, akatangulizwa. Usiku wa kwanza alitetemeka sauti, akachanganya aya, mdogo wake aliye nyuma yake akamkumbusha. Kufikia kumi la mwisho alikuwa akisoma kwa utulivu wa mtu mzima, na bibi yake akawa anamwita "sheikh" bila mzaha. Mchana alikwenda na jirani yetu fundi wa mifereji. Alijifunza kukata bomba kwa kipimo, kuzungushia utepe mweupe pale bomba linapoungana na koki ili maji yasivuje, na kumweleza mwenye nyumba gharama bila kumwongopea. Januari alirudi shuleni, akawekwa darasa lilelile, na hakuna mwalimu aliyemuuliza juu ya miezi hiyo. Kwenye karatasi za shule mwaka wake umeandikwa kuwa haukuwepo. Mimi niliuona ukiwepo, na kijana yule aliondoka nyumbani si yule aliyekuja Machi.

Kuna atakayesema haya ni maneno ya mtu aliyeshiba, kwamba ni rahisi kuusifu mwaka mtulivu ukiwa ulikula. Siusifu ugonjwa, siisifu kafyu, wala siwaambii waliofukuzwa kazi kwamba njaa yao ilikuwa na hekima ndani yake. Nasema na walioshiba wenzangu. Sisi ndio tuliovumisha kwamba hakuna kilichotokea, na sisi ndio tunaofaidika na kusema hivyo. Aliyelala njaa mwaka 2020 hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba mwaka ulikuwepo.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuache kuukata mwaka ule kwenye umri wetu na kwenye mazungumzo yetu, hasa mbele ya watoto. Kijana akituambia "mwaka ule sikufanya kitu", tumuulize mpaka aseme, kwa sababu atakuwa na la kusema. Pili, walimu wa historia na wa Kiswahili wawape wanafunzi kazi ya kuwahoji wazazi, madereva, wauguzi, wauza maji na mafundi cherehani juu ya mwaka 2020, kabla kumbukumbu hazijachakaa. Tatu, tuulize kila bajeti inaposomwa: wahudumu wa afya waliotubeba mwaka ule wamepewa bima waliyoidai? Familia za waliokufa kazini zimelipwa? Shule za vijijini zina redio, umeme na mpango wa kumfuatilia mwanafunzi iwapo milango itafungwa tena? Maradhi mengine yatakuja. Nchi inayoamini kwamba 2020 ulipotea itayakabili maradhi hayo kana kwamba haijawahi kukabili kitu.

Mwaka ambao hukupatwa na jambo ni mwaka uliolindwa na watu. Watu hao wapo, tunapanda magari yao, tunanunua maji yao, tunapanga foleni mbele ya madirisha yao hospitalini. Deni la 2020 bado halijalipwa, na wanaotudai wako hai.